Sabuni Inaonjwa kwa Ulimi

Noella na Jolie, siku ile niliacha kazi na kurudisha funguo ya buanderi, nyumba yetu ya kufulia, mulinisimamia mulangoni kama polisi wa barabara. Mukasema: "Mama Faida, hauwezi kuenda na sabuni yote mu kichwa. Utuandikie." Nilicheka, nikasema mimi ni muntu wa kufua, siko muntu wa kalamu. Lakini nilipofika hapa nyumbani Burungu, wiki ya kwanza nililala, wiki ya pili nikasumbua wake wa watoto wangu jikoni, nikiwaonyesha namna ya kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Wiki ya tatu wakanipatia daftari na kalamu ili nitulie. Basi naandika.

Mambo ya vyeo na mushahara musitafute humu. Nilipandishwa, nikasahauliwa, nikapandishwa tena, na mikono yangu haikuona tofauti. Nitaandika kazi yenyewe: majivu, mafuta, maji, na muntu mwenye alinifundisha. Tena nitaandika kosa langu, lile lenye nyinyi mulisikia kipande tu, kila muntu na kipande chake. Ni heri mulisikie lote kwangu.

Kituo chetu cha afya munakijua: juu ya kilima, kwenye barabara ya kutoka Kirolirwe, na ng'ombe wa majirani ambao hawajawahi kuheshimu kamba ya nguo. Nilifika pale nikiwa kijana, viganja vimekomaa kwa jembe la maharagi. Waliponiambia kazi ni kufua nguo za maternite, pale wamama wanazalia, nilifurahi sana. Kufua! Nani hajui kufua? Nilichukua shuka ya kwanza, nikaikunja, nikaanza kuipiga juu ya jiwe vile tulikuwa tunafanya mutoni, pa! pa! pa!, ili wakubwa wasikie kwamba niko na nguvu.

Sauti ikauliza nyuma yangu: "Unapigana na nani?"

Huyo alikuwa Mama Eliza, mukubwa wa buanderi. Mwanamuke mufupi, mabega mapana, muntu wa Walikale kule kwenye pori. Alifika kwetu na bwana yake mwaka wenye vita iliwatoa kwao, na mukononi alikuwa na bidoni, dumu moja ya mawese, yale mafuta mekundu ya mingazi, ile michikichi. Wengine walikimbia na godoro. Yeye alikimbia na mafuta.

"Napigana na uchafu, Mama," nikamujibu.

"Uchafu haiko adui yako. Iloweke. Kisha kaa chini, ngoja."

Nilikaa chini. Siku yangu ya kwanza ya kazi yote niliikaa, na nikaona haya, kwa sababu nilifikiri watanifukuza kwa uvivu. Jioni tulitoa zile shuka kwenye maji, tukasugua kidogo tu kwa mukono, zikawa nyeupe. Nilijifunza pale kwamba damu inataka maji baridi. Muntu akimwaga maji moto juu ya damu, ameipika kama yai, na alama itabakia mpaka shuka ioze. Wasichana wote wapya wanafanya kosa hilo. Jolie, nakuangalia wewe.

Sasa sabuni. Wakati ule sabuni ya dukani ilikuwa inafika wakati barabara inapenda. Mvua ikinyesha wiki moja, magari yanalala kwenye tope, na kwetu sabuni inaisha. Na hata ikifika, ile ya unga ilikuwa inapasua vidole vyetu mpaka tunashika kijiko kwa shida. Mama Eliza alikuwa anaitazama kama muntu anatazama jirani mwenye kusema uongo. Yake alikuwa anaipika mwenyewe, nyuma ya jiko la kituo, kwa mafuta na majivu, bila kitu kingine.

Kule kwao Walikale walikuwa wanachoma mikungu ya ngazi, ile inayobakia kisha mbegu kutoka. Huku kwetu juu kuna baridi, mingazi hakuna. Kwa hiyo alichukua maganda ya ndizi. Alikuwa mukristo mukali, hajaonja pombe hata siku moja, lakini alijua kila nyumba yenye inapika kasiksi, ile pombe ya ndizi, na siku gani wanaipika, kwa sababu ya maganda. Nilikuwa natembea nyuma yake na gunia, na wapikaji wa pombe walikuwa wanatusalimia sana. Wakristo wenzetu wakituona, walikuwa wanatutazama mara mbili.

Maganda tuliyaanika juu ya mabati mpaka yakawa makavu kabisa, tukayachoma, tukapata majivu meupe. Ndoo yenye matundu chini, ndani majani makavu, juu yake majivu, kisha maji ya mvua polepole. Kwenye matundu yanatoka maji ya rangi ya chai. Usitie kidole chako kwa muchezo, maji yale yanakula ngozi. Tuliyachemsha mpaka yakawa makali, na kipimo kilikuwa yai: likizama, maji bado ni mepesi. Likielea na kuonyesha kichwa kidogo juu ya maji, yamefika. Yai letu la kazi lilikuwa na kikapu chake. Siku moja Papa Kasereka, sentineli wetu wa kulinda usiku, alilikaanga, akajitetea kwamba hakujua yai lile ni mufanyakazi. Mama Eliza hakumusalimia mpaka Pasaka.

Kisha mawese kwenye nusu ya pipa, moto mudogo, na maji yale ya majivu kidogo kidogo, na kukoroga. Kukoroga, bandugu. Unakoroga mpaka mabega yanaomba talaka. Mafuta mekundu yanageuka kuwa kahawia, yanakuwa mazito kama bugali ya jana, na ghafla harufu inabadilika. Mama Eliza alikuwa ananusa tu, anasema: "Njo ile," na tunajua imefika. Ilikuwa sabuni laini, ya kuchota kwa kijiko. Haikuwa na manukato. Ilikuwa inanuka usafi, basi.

Lakini hakuna kijiko kimoja kilichotoka pale kabla ya kuonjwa. Mara ya kwanza alinisogezea kijiti chenye sabuni kidogo kwenye ncha, akasema: "Gusa na ulimi."

"Sabuni mu kinywa?" Nilifikiri ananitania, niende niwaambie watu nikachekwe.

Hakucheka. "Kama hauwezi kuiweka ku ulimi yako, kwa nini unaiweka ku ngozi ya mutoto ya mwenzako?"

Niligusa. Yesu wangu! Iliniuma kama nyuki. Nilitema, nikasukutua maji mara tano, na yeye akasema kwa utulivu kabisa: "Bado." Akafunika pipa. Wiki zilipita, tukagusa tena, na mara hii haikuuma. Ilikuwa mbaya mudomoni, sabuni haiwezi kuwa tamu, lakini haikuuma. Akasema: "Imenyamaza." Hayo njo yalikuwa masomo yangu yote: bado, na imenyamaza. Ni ncha ya ulimi tu, kugusa na kutema. Nawaambia kwa sababu kuna stajere mumoja, mwanafunzi wa kujifunza kazi, aliyelamba kama asali, na tulimulaza kitandani siku nzima.

Sabuni ile njo ilinilea. Mulikuwa munaniuliza kama ni kweli moja inafanya kazi zote za nyumba. Inafanya. Kijiko kimoja kwenye bidoni ya maji, tikisa, hiyo ni ya vyombo na ya kudeki. Nzito zaidi, ya nguo za kazi na viatu vya tope. Kwa kichwa, chota kidogo, na suuza sana. Kwa mutoto muchanga, tone moja kwenye beseni nzima, na macho usiyaguse. Maharagi yakipata vile vidudu vyeusi chini ya majani, changanya nyepesi, nyunyiza na ufagio asubuhi, kesho yake rudia. Blanketi la sufi usilichemshe. Tumieni maji ya mvua, kwa sababu maji ya chemchemi ile ya chini yanaacha utando kwenye beseni, na utando ule unakula sabuni bure. Na musingoje povu nyingi. Wamama wengi wakiona povu ni kidogo wanaongeza sabuni, wanaongeza tena. Mama Eliza alikuwa anawaambia: "Povu iko maneno mingi tu."

Kitu kimoja musichanganye nayo ni ndimu. Papa Titulere, muganga mukubwa wa kituo, ambaye mimi namuheshimu sana, siku moja aliingia buanderi na wazo. Alisema sabuni ni nzuri, ndimu ni nzuri, kwa hiyo zikiwa pamoja zitakuwa nzuri mara mbili. Akakamua ndimu kumi kwenye bidoni yetu kubwa. Sabuni ikakatika hapo hapo, ikawa mabonge meupe yanaelea juu ya maji, kama maziwa yaliyoharibika. Tuliangalia bidoni. Yeye aliangalia bidoni. Kisha akasema: "Nilikuwa nataka tu kuona," akatoka. Mpaka leo, akipita karibu na buanderi, anatembea haraka.

Miaka ilienda. Soda kali ya kupikia sabuni, badala ya majivu, ikaanza kupanda kutoka Goma kwenye magari, na kwa soda tulipata sabuni ya vipande, ngumu, ya kukata kwa waya na kupanga juu ya mbao. Kazi ya majivu ikapungua, na mabega yangu yakashukuru. Mama Eliza hakuikataa soda, lakini alikuwa anaishika kama muntu anamushika nyoka wa jirani. Alisema: "Majivu inasamehe. Soda apana." Kwa hiyo sheria yake ilikuwa mwezi muzima juu ya mbao, kisha ulimi, kisha njo itoke. Hakuna kuomba, hakuna kulia.

Barabara ya kwao ilipofunguka alirudi Walikale, kuzeekea kwake. Siku ya kuagana ilifika. Nilikuwa na maneno mengi, nililala nayo usiku mzima, lakini nilipomuona na mizigo yake nilishika tu mikono yake, ile mikono laini ya muntu aliyefua miaka yote bila kupasuka, nikalia mbele ya watu. Akaniambia: "Wacha kulowesha kitenge, itachukua siku mbili kukauka." Ndivyo aliaga. Nilimupenda yule mwanamuke kama mama yangu muzazi, na sikumuambia hata siku moja. Naandika hapa ili iwe imesemwa.

Sasa lile kosa.

Ilikuwa mwaka wenye watu wengi walikimbia tena. Kashuga kambi zilijaa, na wengine walipita mpaka kwetu. Maternite yetu ya vitanda sita ilikuwa na wamama kumi na mbili, wawili kitanda kimoja, kichwa na miguu. Sabuni ilikuwa inaisha kwa macho. Kwenye mbao nilikuwa na vipande vizuri, vigumu, vya rangi ya maziwa, lakini vilikuwa na siku tisa tu. Na soda ya safari ile ilitoka kwa muuzaji mwingine, nilikuwa sijaizoea.

Kwa kawaida ningeonja. Lakini wiki ile sisi wamama wa kanisa tulikuwa tumefunga siku tatu, kufunga kavu, hata maji hapana, kuombea amani ya barabara. Nilikuwa nimeahidi mbele ya wenzangu wote kwamba hakuna kitu kitagusa ulimi wangu mpaka jioni ya siku ya tatu. Na siku hiyo ya tatu, asubuhi, nilisimama mbele ya mbao na kipande cha sabuni mukononi. Nilikisogeza mudomoni, nikakumbuka ahadi, nikakirudisha. Ningeweza kumuita muntu mwingine aonje. Kiburi kilinizuia: nani mwingine anajua kuonja kama Faida? Nikakisugua kwenye mukono wangu, nikangoja, sikusikia kitu. Mikono ya mufuaji! Ungeweka kaa la moto juu yake, ungengoja vilevile. Nikasema moyoni: imenyamaza. Nikakipeleka maternite.

Mutoto wa kwanza kuoshwa nacho nilimuosha mimi mwenyewe, kwa sababu mama yake alikuwa bado na uchovu. Alikuwa mutoto mwanamume, wa siku mbili, mwenye nywele nyingi. Mama yake aliitwa Sifa, binti wa miaka kama ishirini, muntu wa Walikale. Bahati, kijana wa hapa Burungu, alienda kule kuchimba madini, akarudi na bibi, kisha akaondoka tena kwenda kuchimba. Akamuacha huyo bibi kwa mama yake. Na Mama Bahati, mama mukwe, hakuwa amemukubali. Kila siku alileta chakula cha mujamuzito, kisha cha muzazi, kwa sababu alikuwa mukristo na desturi ni desturi, lakini jina la binti yule halikutoka mudomoni mwake. Alikuwa anasema "ule wa pori".

Saa sita mutoto alianza kulia kilio chenye hakiishi. Nilikuwa nabeba beseni kwenye mulango wa maternite nilipomuona Papa Titulere ameinama juu yake. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, na vilengelenge vidogo vimeanza. Papa Titulere aligeuza mukono wa mutoto, akaona kamba nyembamba ya ganda la muti, imefungwa kwenye kifundo cha mukono.

"Hii ni nini?"

"Kamba tu, Papa," Sifa akajibu. "Mama yangu aliituma. Kwetu tunafungia batoto."

"Na dawa gani mulimupakala?"

"Apana dawa, Papa. Sikumupakala kitu. Kamba tu."

Mama Bahati alikuwa amekwisha kusimama. "Nilisema! Nilisema mbele ya kila muntu! Mambo ya pori yao hiyo! Wataniulia mutoto ya mwana yangu!" Alimunyakua mutoto kutoka kitandani, akamushika kifuani. "Leo leo motari wa pikipiki amurudishe kwao. Aende. Mutoto anabakia hapa, anabakia na batu yake."

Papa Titulere akajaribu kutuliza. Akauliza watu wa maternite kama mutoto aliguswa na kitu kingine. Musichana wa zamu akajibu haraka: "Aliogeshwa tu, na sabuni ya Mama Faida." Na Papa Titulere akasema, mimi nikisikia kwa masikio yangu: "Sabuni ya Mama Faida haijaumiza muntu hata siku moja."

Bandugu, jina zuri ni kitu cha hatari. Nilikuwa nimeona tayari. Dawa ya kupaka ingekuwa kifuani ao mugongoni. Wekundu ule ulikuwa kwenye mikunjo ya shingo, chini ya kwapa, katikati ya mapaja, pale sabuni inakaa hata ukisuuza. Nilijua kama vile najua jina langu. Na sikusema. Niligeuka na beseni langu, nikarudi buanderi, nikaanza kukunja mashuka.

Nilikunja shuka ya kwanza nikisema: watanifukuza. Ya pili nikisema: mutoto atatunzwa, kitu cha lazima ni mutoto, nani alimupakala haina maana. Dirishani nilisikia pikipiki inafika, motari anaulizwa bei ya kwenda mbali, na Mama Bahati anasema kwa sauti vitu vya yule binti viwekwe kwenye gunia. Nilikuwa nakunja ya tatu wakati nilikumbuka kwamba kila kitu najua kuhusu ngozi ya mutoto, nilifundishwa na mwanamuke wa pori ile ile. Nilikula jasho lake miaka mingi. Na sasa binti wa kwao ananyang'anywa mutoto wa siku mbili kwa kosa langu, na mimi nakunja shuka. Haya ilinipanda mpaka nikasikia joto masikioni.

Nilichukua kile kipande cha sabuni, kilichokuwa ndani ya beseni langu, nikatembea mpaka maternite. Kila muntu alikuwa pale: Papa Titulere, wamama kumi na mbili, motari mulangoni, Sifa na gunia lake miguuni, mikono mitupu. Nikasema: "Ngojeni." Nikasema tena. Kisha nikaweka sabuni kwenye ulimi, mbele ya wote.

Iliniuma mpaka machozi yakatoka. Nilitema kwenye kitambaa.

"Ni sabuni yangu," nikasema. "Iko na siku tisa. Inataka mwezi. Sikuionja kwa sababu nilikuwa nimefunga. Binti huyu hakufanya kitu. Papa, angalia mikunjo, angalia shingo. Ni pale povu inakaa."

Papa Titulere aliangalia mikunjo. Alimuita musichana wa zamu, wakamuosha mutoto kwa maji safi, maji mengi, beseni kisha beseni, wakamupaka mafuta ya kutuliza. Nisiwafiche: alipona. Ngozi ilirudi safi kisha siku chache, hata alama haikubakia. Kesho yake Papa Titulere alinikalisha ofisini, akaongea nami maneno yenye sitayaandika, yote ya haki, kisha akaandika ile karatasi yenye munaiona ukutani kila siku na yenye Noella aliniuliza maana yake: *Ndimi mbili, si ulimi mumoja peke yake.* Ni kusema watu wawili waionje, kisha njo sabuni itoke. Hakunifukuza. Alisema anaogopa zaidi mufanyakazi ambaye hajawahi kukosea. Namushukuru mpaka kesho, hata kwa zile ndimu.

Lakini siku ile yenyewe, kisha mutoto kupakwa mafuta, alirudishwa mikononi mwa Mama Bahati, kwa sababu njo alikuwa amemushika. Mutoto akatulia, kilio kikapungua. Mama Bahati akanitazama. Nilisimama pale nikingoja anipige, na ningekubali.

"Weye njo ulimuosha?"

"Miye, Mama."

"Na ulituona tunamufukuza huyu, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Nilikunja mashuka tatu."

Sijui aliona nini kwenye uso wangu. Kisha akatembea mpaka kwa binti, pale mulangoni karibu na gunia. Akamuweka mutoto mikononi mwake, akaweka vizuri kitambaa kwenye shingo ili kisiguse vidonda.

"Shika mutoto yako, Sifa," akasema. "Unisamehe, mwana yangu."

Mara ya kwanza nilisikia jina lile kwake. Sifa alikaa chini pale pale sakafuni, akamunyonyesha mutoto, na machozi yakawa yanaanguka juu ya zile nywele nyingi. Motari alikohoa, akauliza kama safari iko ao haiko. Mama Bahati akamuambia aende zake.

Nilitaka kutoka. Kwa haya na kwa njaa pamoja nikagonga bega mulangoni. Mama Bahati akaniita.

"Weye mwenye sabuni. Tangu lini haujakula?"

"Siku tatu, Mama. Tumefunga mpaka jioni."

"Ulisha kula sabuni. Unangoja nini tena?"

Wamama kumi na mbili walicheka wote mara moja, hata wale wenye walikuwa wamelala. Mama Bahati alifungua kikapu chake cha chakula cha muzazi, bugali na sombe ya majani ya muhogo, bado vya vuguvugu chini ya kitambaa, vyenye hakuna muntu alikuwa amegusa tangu asubuhi. Akanisukumia beseni la kunawa. Sifa akainua uso, macho bado mekundu, akasema polepole:

"Lakini apana na ile sabuni, Mama."

Tulikula sahani moja, watu watatu, mutoto amelala juu ya miguu ya mama yake. Sombe iliniuma ulimi vibaya sana, na niliimaliza yote. Wale watu wawili nilikuwa karibu kuwatenganisha kwa kimya changu, na walinilisha. Kwa miaka yangu yote kituoni, chakula kile njo bado ninakitolea aksanti kila asubuhi.